Viganja vya Mzee wa Lifti

Asubuhi ambayo Mzee wa Lifti hakuonekana kazini, matroni aliingia ndani ya lifti na chupa yake ya chai, akabonyeza kitufe cha ghorofa ya pili, akangoja. Nyuma yake waliingia wauguzi wawili, mtu aliyebeba mashuka, kisha mgonjwa wa mguu na mkongojo wake. Mlango ukafungwa kama kawaida. Lifti haikwenda popote. Matroni akabonyeza tena, safari hii kwa kidole chenye cheo, na lifti ikatulia pale pale chini kama mbuzi aliyekataa kuvuka maji. Basi wakasimama humo ndani wakilaumiana ni uzito wa nani uliozidi, mpaka yule mgonjwa wa mguu akasema pengine lifti inamsubiri mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa amefariki alfajiri hiyo, nyumbani kwake, akifunga kamba za kiatu cha kushoto. Cha kulia alikuwa ameshamaliza. Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alikuwa jikoni ameloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, kama alivyofanya kila asubuhi ili vidole vikubali kufunguka. Alimwita mumewe mara moja, akamwita tena, kisha akatoka na mikono inachuruzika maji. Dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyekwenda hospitali kutoa taarifa. Mama Pindo alimwita Wifi, na kwa kuwa alimwita hivyo kwa sauti kubwa na mara nyingi, majirani nao walimwita Wifi, hata wanaume. Alipofika mapokezi hakuhitaji kusema mengi. Walimtazama, wakautazama mlango wa lifti, wakampa pole.

Mzee wa Lifti alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Abiria wakishaingia, alisimama akiwapa mgongo, akakunjua viganja mbele ya kifua, akavipandisha polepole kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala na hataki aamke. Lifti ilipanda. Wakati wa kushuka aliviteremsha vile vile. Wauguzi wanafunzi walimwiga kantini wakichekana. Yeye alisema lifti ni kama mkwe, haisukumwi, inaombwa. Watu waliyachukulia hayo kuwa madaha ya uzee.

Jioni alirudi nyumbani mabega yamelegea, akaomba achuliwe. Mama Pindo alimpaka mafuta kwa vidole vyake vilivyokuwa vikiwaka moto, huku akimtania. Alimuuliza mtu aliyekaa kwenye kisanduku siku nzima, akabebwa juu akabebwa chini, amechokea nini. Mumewe alijibu kwamba amechokea kukaa, na mazungumzo yakaishia hapo, jioni zote.

Baada ya mazishi, hospitali ilimwita fundi umeme. Alipanda kwenye chumba cha mota juu ya paa, akakaa huko muda mfupi, akateremka akijipangusa kinyesi cha njiwa. Alieleza kwamba mota imekufa. Haikufa leo wala jana. Ilikufa kabla yeye hajaajiriwa, na waya zake zilikatwa zamani na mtu aliyezihitaji mahali pengine. Ndani yake njiwa wametaga. Mkurugenzi wa hospitali akamuuliza, kama ni hivyo, lifti ilikuwa ikipandishwa na nini miaka yote hiyo. Fundi umeme akakusanya bisibisi zake, akasema kwa anavyoona yeye, ilikuwa ikipandishwa na yule mzee. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, maana alikuwa anawahi kikao. Siku hiyo hiyo kikabandikwa kikaratasi mlangoni: Lifti ina hitilafu ya muda. Tumieni ngazi.

Fundi umeme alikwenda mwenyewe kumpa Mama Pindo habari hiyo, kwa kuwa aliona ni haki ya mjane kujua. Mama Pindo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamtilia chai. Alipoondoka, mama yule aliikodolea macho chupa ya mafuta ya kuchua iliyobaki nusu.

"Kumbe," alisema.

Wifi hakushangaa hata kidogo. Alisema kaka yake tangu utotoni alikuwa haoni kitu kimelala chini bila kukiinua, na ndiyo maana mama yao alikuwa hamtumi sokoni. Angerudi na vilivyoangushwa na watu wengine.

Maradhi ya Mama Pindo yalikuwa baridi yabisi. Yalimwingia miaka mingi nyuma kwenye vidole vya mikono, yakashuka magotini, yakajichagulia vyumba na kukaa. Daktari wa viungo alikuwa amemwambia wazi kwamba ugonjwa huu haumalizwi, unalelewa; ni mgeni asiyeaga, na busara ni kumzoesha asivunje vyombo. Kila mwezi alichomwa sindano, na kabla ya sindano daktari alikibonyeza kila kifundo kwa mkono wake ajue kimeamkaje. Kwa hiyo dawa haikuchukuliwa kwa niaba. Mgonjwa alipaswa kufika.

Na kliniki ya viungo ilikuwa ghorofa ya tatu. Nani aliyewapeleka juu watu wasioweza kupanda, hakuna aliyekumbuka. Inasemekana siku ya kugawa vyumba, kikao kilihudhuriwa na wenye magoti mazima. Chini kulikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye jua la asubuhi, lakini kilitengwa kwa ajili ya wageni mashuhuri, na makochi yake yalikuwa bado hayajavuliwa nailoni kwa kuwa mgeni mwenyewe alikuwa hajaja.

Mama Pindo akaacha kwenda. Alisema atakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao akasema hivyo hivyo. Vidole vyake vikaanza kujikunja ndani kama miguu ya kuku aliyelala. Gauni alilokuwa analikata wiki ya msiba lilibaki mezani na mkasi ndani yake, nusu gauni, nusu kitambaa. Wifi alipanda ngazi kwenda kumwombea dawa, akateremka na ujumbe wa daktari: vidole vikikaa hivyo mpaka mvua ziishe, havitafunguka tena, na fundi asiyeshika mkasi ajitafutie jina jingine.

Wifi alimfikishia ujumbe akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi yangu, kama unataka kumfuata kaka, mfuate na vidole vilivyonyooka. Nisije nikaambiwa niliachiwa mke nikarudisha kiwete."

"Nitapandaje?"

"Si unapanda kitandani kila siku mapema, hata kuku hawajalala? Ngazi ni hivyo hivyo, ila nyingi."

Walikwenda. Mama Pindo alipanda mpaka pale ngazi zinapogeuka, akakaa. Hakuwa peke yake. Ngazi ile ilikuwa imejaa watu waliokusudia kufika juu wakaishia njiani, kila mmoja kwenye kipande alichofikia, kama nguo zilizoanikwa. Karibu naye alikaa mwanamume mnene aliyekuwa refa wa mpira kabla mapafu hayajamgeuka. Bado alivaa filimbi shingoni, ingawa hakuwa na pumzi ya kuipuliza. Alimsogezea Mama Pindo nafasi, akamwambia kwa mafungu kwamba yeye... amefika hapa... tangu saa mbili.

Mtaalamu wa mazoezi tiba naye alikuwa na chumba chake ghorofa ya tatu, chenye magodoro mapya na kioo ukuta mzima. Tangu lifti isimame, hakuna aliyemfikia. Alikuwa amekaa humo akijitazama kwenye kioo mpaka akachoka na sura yake, ndipo akateremka kuwatafuta wagonjwa walipo. Aliwaomba wote warudi chini, akawapanga mbele ya mlango wa lifti, kwa sababu pale palikuwa na benchi la kukalia na ukuta wa kushika. Jina lake halikujulikana sana. Walimwita Taratibu, maana ndilo neno alilolianzia na kulimalizia.

Mazoezi yenyewe hayakuwa ya kumtisha mtu. Kuinua visigino ukiwa umekaa. Kuzungusha mabega kama mtu anayekataa shuka. Kufungua vidole kimoja kimoja. Mama Pindo alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kama hii ndiyo dawa, basi paka wake ni daktari bingwa. Taratibu hakukasirika. Alisema paka hajawahi kuonekana kliniki ya viungo.

"Nyanyueni mikono," aliwaambia. "Panapouma, piga hodi. Usivunje mlango."

Wifi, ambaye hakuwa mgonjwa, aliona benchi limejaa. Akaingia ndani ya lifti iliyoachwa wazi, akakaa kwenye stuli ya kaka yake, akaanza kumenya chungwa. Nje, Mama Pindo alikunjua viganja mbele ya kifua. Hakujua kuvinyanyua kwa namna nyingine isipokuwa ile aliyoiona kwa mumewe, kila mwezi alipokwenda kuchomwa sindano akapandishwa naye kwa heshima zote. Akavipandisha mpaka maumivu yalipoitikia hodi, akasimamia hapo.

Lifti ikapanda kiasi cha goti la mtu.

"Wifi," ilisikika sauti kutoka ndani, "shusha mikono niokote chungwa langu."

Mama Pindo akashusha. Lifti ikashuka. Refa alisema kwa maoni yake hiyo ilikuwa halali. Taratibu alimsahihisha Mama Pindo bega la kushoto, akawaambia warudie.

Kuanzia hapo kazi ilijulikana. Waliorudia walirudia wote pamoja, na lifti ikapanda kiasi cha kiuno, siku nyingine kiasi cha kichwa. Wauguzi wenye afya walijaribu kusaidia, haikutikisika. Wifi alijaribu, na akacheka mwenyewe kabla mikono haijafika kifuani. Mkurugenzi, ambaye kila asubuhi hukimbia kuzunguka uwanja, alipita siku moja akakunja mikono ya shati, akanyanyua kama mtu anayeng'oa kisiki. Lifti ilitoa mlio wa kukereka tu. Taratibu alieleza kwamba mwenye nguvu husukuma, na ile ilikuwa imezoea kuombwa.

Haikuwa kwamba kila siku ilizidi ya jana. Kulikuwa na asubuhi ambazo Mama Pindo aliamka vidole vimefunga kama duka la mtu aliyesafiri. Asubuhi hizo za mwanzo alitaka kubaki kitandani, na Wifi akamwambia sawa, abaki, ila amnyanyulie kikombe kile cha chai tu kisogee. Akishanyanyua kikombe, alinyanyua blanketi. Akishanyanyua blanketi, basi. Akifika hospitali, lifti siku hiyo ilipanda kiasi cha shubiri, ikatosha. Taratibu alisema shubiri nayo ni safari, na Refa akasema mechi nyingine huisha bila bila, lakini watu wamecheza.

Refa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika ghorofa ya tatu. Alibaki humo ndani peke yake ameshika ukuta, wenzake chini wakinyanyua, Mama Pindo mbele yao akiwapa mgongo ili wafuate mikono yake. Daktari wa mapafu, jirani wa kliniki ya viungo huko juu, alipomwona mlangoni aliangalia saa, akamwambia amechelewa. Wa pili akafuata mama mmoja wa moyo, kisha wengine, kila mmoja kwa zamu yake. Zamu ya Mama Pindo haikufika. Yeye akiondoka kwenye mstari, lifti ilipanda hadi ghorofa ya kwanza ikasita, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kwa hiyo waliojua kupanda wakapanda, na aliyejua kupandisha akabaki chini. Wifi aliliona hilo na halikumpendeza. Alisema ni ukoo wenyewe, hata walioolewa humo huambukizwa. Mvua zilikuwa zimeshaanza kupungua.

Basi Mama Pindo akaanza kuwafundisha. Mikono yao walishaijua, aliwafundisha mengine. Aliwaambia wamfikirie mtoto aliyelala kwenye kochi, amelala baada ya kulia, na kitanda kiko chumba cha pili. Refa alisema hajawahi kupata mtoto. Mama Pindo akamwambia afikirie mpira uliotulia kwenye nyasi kabla ya mechi. Refa akafumba macho, akanyanyua, na Wifi, ambaye alikuwa amejiteua kuwa abiria wa majaribio, akapita ghorofa ya kwanza huku akipungia watu mkono kama bibi harusi.

Siku waliyompandisha Mama Pindo mwenyewe, mvua ya mwisho ilikuwa inanyesha na vidole vyake vilikataa hata kushika mwavuli. Aliingia, akakaa kwenye stuli. Nje alisikia Taratibu akisema neno lake. Mlango ukafungwa. Sakafu ikainuka chini ya nyayo zake, kwa upole wa kukera, na mbele yake Mzee wa Lifti alikuwa amesimama akimpa mgongo, kiatu cha kulia kimefungwa, cha kushoto kamba zinaning'inia. Viganja vyake vilikuwa vimelala mapajani. Hakuwa anafanya chochote.

"Leo umepumzika," Mama Pindo alisema.

"Leo nimebebwa."

Walipita ghorofa ya kwanza. Mama Pindo alimuuliza kwa nini hakusema, miaka yote ile.

"Ningesemaje? Ungesema najisifu."

"Ningesema," alikubali. Kisha akainama, kwa shida, na kwa vidole vile vile vilivyokataa mwavuli akaishika kamba ya kiatu cha kushoto. Hakuweza kupiga fundo. Aliiingiza tu pembeni ya kiatu asiikanyage. Mumewe alimwachia amalize, ingawa ilichukua ghorofa nzima.

Ya tatu ilipofika alitoka peke yake. Daktari alimbonyeza vifundo, akavikuta vibaya lakini si vya kukatiwa tamaa. Alimuuliza amekuwa akifanya nini, kwa maana kwa miezi aliyokosa dawa alitegemea kukuta ngumi. Mama Pindo alisema amekuwa akinyanyua mikono. Daktari akamwambia aendelee, akamchoma sindano.

Habari zilipomfikia mkurugenzi kwamba lifti sasa inafika juu, alikuja mwenyewe kukibandua kile kikaratasi. Wagonjwa walipiga makofi ya taratibu, walivyofundishwa. Walidhani anakuja kuwatangazia mota mpya, kwa kuwa fundi umeme alishaandika maombi na kuonyesha njiwa kama ushahidi. Mkurugenzi aliwapongeza kwa moyo wao, akasema hospitali inajivunia. Kuhusu mota, alieleza kwamba maombi yamefungwa, maana mota huombwa kwa lifti isiyofanya kazi, na hii inafanya. Mama Pindo akauliza, je, kliniki isiteremshwe kwenye kile chumba cha chini. Mkurugenzi alisikitika kweli. Alisema mgeni anaweza kuja wakati wowote.

Alimaliza kwa kuingia ndani ya lifti na chupa yake ya chai, aende ofisini kwake ghorofa ya pili. Wagonjwa wakatazamana, wakanyanyua. Alipofika kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili aligonga ukuta, akaomba, kama si usumbufu, waongeze mwendo kidogo. Taratibu akawaambia wagonjwa ni wakati wa kupumzisha mabega. Walikaa kwenye benchi, wakanyoosha miguu, wakazungusha visigino, wakanywa maji. Juu yao walisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa na chai ikimiminwa, kisha ikimiminwa tena. Baadaye walimfikisha. Hakuna aliyemwonea kinyongo, na yeye hakumwonea mtu.

Njiwa bado wako kwenye mota. Lifti hufanya kazi asubuhi, tangu kliniki inapofunguliwa mpaka mikono inapochoka, na siku za baridi kali haifanyi. Anayetaka kupanda habonyezi kitufe. Anawaamkia kwanza walioko kwenye benchi, anasema anakwenda ghorofa ya ngapi. Ikishafika juu, Refa hupuliza filimbi. Hutoka mlio mdogo, kama wa kifaranga, lakini hutoka. Mama Pindo husimama mbele, akiwapa wenzake mgongo. Gauni lile alilimaliza. Hushika mkasi mpaka adhuhuri, na siku mbaya hushika sindano tu, na siku mbaya zaidi humwelekeza Wifi, ambaye hushona pindo kama njia ya nyoka.

Jioni akirudi huweka mikono juu ya meza, na Wifi hufungua chupa ya mafuta ya kuchua.

"Mtu ulikuwa mazoezini tu," humwambia akimpaka, "umechokea nini?"

"Nimechokea kukaa," husema Mama Pindo.